Kezilahabi: Mshairi Aliyeungama Bila Padre

Ndugu msomaji, nimerudi. Kimya changu cha wiki mbili kilikuwa na sababu: nilikuwa Kintinku, msibani. Kwa wasiopajua, Kintinku ni mji mdogo wa reli wilayani Manyoni, mkoa wa Singida. Ukitoka Dodoma unapita Bahi, halafu Kintinku, ndipo treni inaanza kuhangaika na mlima kuelekea Saranda na Manyoni. Kwenye ramani ya serikali uko Singida, lakini ukishuka hapo unasalimiwa "Mbukwenyi!" na jioni unawekewa ugali wa uwele na mlenda, kwa hiyo ujue uko Ugogo. Ndiko anakoishi baba yangu mdogo, mstaafu wa reli.

Aliyefariki alikuwa jirani yake, rafiki yake wa miaka mingi. Alijiua. Jina lake sitalitaja. Nilikaa pale siku zote za matanga na sikumsikia mtu hata mmoja akilisema neno hilo. "Amefariki ghafla." "Kazi ya Mungu haina makosa." "Alikuwa mtu wa watu." Basi, yakaishia hapo, wanaume wakaendelea kukaa chini ya mti na akina mama wakaendelea kupika.

Sina haki ya kuwalaumu, maana mimi ni mwandishi wa habari na habari za namna hiyo nimeziandika mara nyingi tu. Zina aya tatu. Ya kwanza inataja jina, umri na kijiji. Ya pili inamnukuu kamanda wa polisi. Ya tatu mnaijua wote kwa kichwa: "Chanzo cha kuchukua uamuzi huo hakijafahamika na uchunguzi unaendelea." Baada ya hapo hakuna gazeti linalorudi kuuliza uchunguzi uliishia wapi. Nikiwa pale chini ya mti niliona aibu kidogo kuhusu ile aya ya tatu.

Sasa, kwenye begi nilikuwa na nakala kuukuu ya *Kichomi*, diwani ya Euphrase Kezilahabi, ambayo hubeba safarini. Baba mdogo akaiona. Naye enzi zake alikuwa mtunzi, alikuwa akipeleka mashairi gazetini na yakachapwa, na mpaka leo anahesabu mizani kwa vidole mtu akizungumza. Akaifungua, akasoma kurasa mbili, akaifunga. "Mwanangu, huyu ndiye aliyetuharibia ushairi."

Tukabishana jioni mbili. Ninayoandika leo yametokana na mabishano hayo, kwa sababu nilipokuwa namtetea Kezilahabi niligundua kwamba nilikuwa simjui vizuri nilivyodhani.

Tuanze na mtu mwenyewe. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria. Alisoma Seminari ya Nyegezi, Mwanza. Seminari, kama mnavyojua, ni shule ya kuwaandaa mapadre. Yeye hakuwa padre. Mwaka 1967 alikwenda Dar es Salaam kusoma chuo kikuu, akahitimu mwaka 1970. (Enzi hizo ukitoka Mwanza kwenda Dar kwa treni njia ni moja: Tabora, Manyoni, Kintinku, Dodoma. Nilimtania baba mdogo kwamba huenda aliwahi kumpungia mkono adui yake bila kujua. Hakucheka.)

Mwaka 1971, akiwa na miaka 27, ikatoka riwaya yake ya kwanza, *Rosa Mistika*. Ni habari ya binti wa Ukerewe aliyelelewa kwa fimbo na baba mlevi, akaenda shule bila kufundishwa lolote kuhusu dunia, dunia ikamfundisha yenyewe, na mwisho akajiua. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni. Baadaye kikaruhusiwa na vizazi vya wanafunzi vikakisoma. Mwaka 1974 vikatoka vitabu viwili kwa mpigo: riwaya ya *Kichwamaji*, inayosimuliwa na msomi wa chuo kikuu aitwaye Kazimoto kwa nafsi ya kwanza mpaka anapofikia uamuzi wa kujiua, na diwani ya *Kichomi*.

Ona jina lenyewe. Kichomi ni ule maumivu wa ghafla ubavuni, unaokushika ukivuta pumzi. Watu wa mashairi walikuwa wamezoea diwani zenye jina la mwenyewe: *Diwani ya Mnyampala*, *Mashairi ya Saadani*. Mtunzi anaweka jina lake nje kama mtu anavyoweka kibao dukani. Huyu kijana akaweka nje maumivu.

Kilichowakasirisha wakubwa, hata hivyo, kilikuwa ndani. Kwa msomaji asiyejua sheria za ushairi wetu, nieleze kwa ufupi. Shairi la kawaida lina ubeti wa mishororo minne. Kila mshororo una mizani kumi na sita, yaani silabi kumi na sita, nane kabla ya kituo na nane baada yake. Kuna vina vya kati na vina vya mwisho, na mara nyingi mshororo wa mwisho unarudiwa kila ubeti. Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na kisha waziri, aliziandika sheria hizo katika kitabu chake cha mwaka 1954, na watunzi wengi walijifunza humo. Baba mdogo ni mmoja wao.

Kezilahabi akaacha vina, akaacha mizani. Katika utangulizi wa *Kichomi* alieleza nia yake waziwazi: alitaka kuleta katika ushairi lugha ya kawaida, ile ambayo watu wanaitumia wakizungumza kila siku. Hapo ndipo ugomvi ulipolipuka, ule ambao vyuoni unafundishwa kwa jina la mgogoro wa ushairi. Upande mmoja wanajadi, waliosema pasipo vina na mizani hapana shairi. Upande wa pili vijana wa chuo kikuu, akiwemo Kezilahabi, na pamoja naye Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi, waliotoa *Malenga wa Bara* mwaka 1976. Ugomvi haukuisha upesi: mwaka 1986 bado Jumanne Mayoka alikuwa anatoa kitabu kilichobeba neno "mgogoro" kwenye jalada.

Tulifundishwa chuoni kwamba huu ulikuwa ugomvi wa umbo. Nami nilikwenda Kintinku nikiamini hivyo. Nikamwambia baba mdogo kwamba Mwalimu Nyerere mwenyewe alipomtafsiri Shakespeare mwaka 1963, ile *Juliasi Kaizari*, aliandika mistari isiyo na vina na mbingu haikuanguka. Akanijibu: "Ile ni tamthilia, na wanaosema ni wafalme. Huyu anasema nini? Analia. Mtu mzima analia kitabuni, halafu hasemi tufanye nini!"

Hapo nikanyamaza. Kwa maneno yale machache baba mdogo aligusa kitu ambacho hakikuwemo kwenye daftari langu la chuo. Kilichomkera zaidi ya vina ni kwamba shairi halina wasia.

Tuangalie wakati wenyewe. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967. Mwaka 1968 Mwalimu aliwaita washairi akawaomba wasaidie kulifikisha kwa wananchi. Na nani alikuwa kinara wao? Mgogo! Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa karibu na Dodoma mwaka 1917, mtu aliyeandika historia ya Wagogo, akatunga tenzi za Injili na Zaburi, akawa kiongozi wa chama cha UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Ni yeye aliyezipa nguvu ngonjera, yale mashairi ya kujibizana ambayo wengi wetu tulisimamishwa mbele ya mgeni rasmi tukayaghani tukiwa na kaptura. Mnyampala alifariki mwaka 1969, lakini *Ngonjera za UKUTA* zikaendelea kughaniwa mashuleni. Baba mdogo akimtaja Mnyampala huvua kofia, na hapo sitanii.

Katika ngonjera anayesema ni "sisi". Sisi wakulima, sisi wanafunzi, sisi Watanzania. Na nchi yenyewe ilikuwa inaishi kwa "sisi". Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 kuishi vijijini kutakuwa ni lazima kwa wote. Huku Ugogo watu walishaanza kuhamishwa tangu 1971, kwa Operesheni Dodoma. Katikati ya operesheni hizo, mwaka 1974, kijana wa Ukerewe anatoa kitabu ambacho anayesema ni "mimi". Mimi nimechoka. Mimi naogopa. Mimi sioni njia. Moja ya mashairi yaliyomo linaitwa "Kisu Mkononi", na kama jina linavyoonyesha, ni mtu aliye peke yake na kisu, anazungumza na maisha yake mwenyewe.

Sisemi kwamba siasa haimo. Imo, tena ya kutosha. Lakini hata siasa yake inapita kwanza kifuani kwa mtu mmoja.

Huko Marekani walikuwa na jina la ushairi wa namna hiyo. Mwaka 1959 mhakiki M. L. Rosenthal, akiandika juu ya kitabu cha Robert Lowell kiitwacho *Life Studies*, alisema ushairi ule ni kama maungamo. Lowell alikuwa ameweka kitabuni wazazi wake, ndoa yake na hospitali ya wagonjwa wa akili aliyolazwa. Jina likashika, wakaitwa washairi wa kuungama, wakaingizwa humo Sylvia Plath aliyejiua London mwaka 1963 na Anne Sexton aliyejiua mwaka 1974, mwaka uleule wa *Kichomi*. Sijaona mahali Kezilahabi alipojiita hivyo, wala sitaki kumvalisha koti la Boston mtu wa Namagondo. Nalichukua jina kwa sababu moja tu: yeye alipita seminari, neno "kuungama" hakuhitaji kulitafuta kwenye kamusi ya Kiingereza.

Wakatoliki wenzangu mnajua taratibu. Unapiga magoti, unasema dhambi zako, padre anakupa malipizi, anakuondolea, unatoka umepona. Yaani kuungama kuna mwisho wake. Kuna mtu upande wa pili. Soma *Kichomi* utaona maungamo yamo, ila padre hayumo. Msemaji anasema lililomkaa, halafu shairi linakwisha. Haambiwi "nenda kwa amani". Wala yeye hamwambii msomaji aache pombe au amche Mungu au aongeze juhudi shambani. Kwa msomaji aliyelelewa kwenye mashairi ya mawaidha ni kama kupanda ngazi gizani ukakuta kidato kimoja hakipo.

Jioni ya pili baba mdogo alikuja na silaha zake, na lazima niwe mkweli, zilikuwa nzito. "Unadhani sisi hatukuwahi kulia kwa Kiswahili?" akauliza. Akaanza kuhesabu kwa vidole vilevile vya mizani.

Kwanza, *Al-Inkishafi*. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, anausemesha moyo wake mwenyewe mbele ya magofu ya mji. Kama hayo si maungamo, ni nini? Pili, Mwana Kupona, ambaye mwaka 1858 akiwa mgonjwa alimtungia binti yake utenzi. Tatu, Shaaban Robert. Mkewe Amina alipofariki alimtungia shairi ambalo watu wengi walilijua kwa kichwa, na katika kitabu cha maisha yake akaeleza ndoa yao bila kuficha huzuni. Nne, na hapa baba mdogo alitabasamu kama mtu anayeweka karata ya mwisho, Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Alifungwa na serikali ya Kenya miaka mitatu, 1969 mpaka 1972, kwa sababu ya waraka aliouandika wa *Kenya: Twendapi?* Alikuwa peke yake seli, anaandika kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo yakatoka mwaka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*, mwaka mmoja kabla ya *Kichomi*. Yana upweke, yana uchungu, yana hasira. Na yana vina na mizani!

"Mtu yuko kifungoni na bado anahesabu mizani," akasema. "Huyu wako alikuwa anapewa mshahara chuo kikuu akashindwa kuhesabu?"

Nilicheka, lakini hoja ilinipata. Ni kweli, vina havimzuii mtu kusema yaliyomo moyoni. Kwa hiyo ile hoja niliyobeba kutoka chuoni, kwamba Kezilahabi aliacha vina ili awe huru kusema ya moyoni, haitoshi. Abdilatif alisema ya moyoni akiwa ndani ya kuta mbili, za jela na za mizani.

Basi tofauti iko wapi? Nilikaa nalo usiku ule, na nadhani jibu ni hili. Wote wanne aliowataja walikuwa na mahali pa kuegemea. Moyo wa Sayyid Abdalla unaonywa juu ya ahera, na ahera ipo. Mwana Kupona ana binti wa kumwachia. Shaaban Robert ana Amina wa kumlilia na Mungu wa kumkabidhi. Abdilatif anamjua aliyemfunga na anajua ni kwa nini, na anaamini atatoka. Dhiki yao ina jina na ina mlango. Kezilahabi alileta dhiki ambayo mwenyewe haijui ilikotoka. Hajafungwa na mtu, hajafiwa, ana kazi, ana elimu, na bado asubuhi haoni sababu ya kuamka. Mtu wa hivyo akisema kwa mizani kumi na sita zilizotimia, na kituo kinachorudi kila ubeti kama jogoo, sisi wasikilizaji tunatulia. Tunajua shairi litafika salama. Nadhani yeye hakutaka tutulie.

Nikakumbuka ile aya yangu ya tatu: "Chanzo hakijafahamika." Kezilahabi aliandika vitabu kadhaa vinavyoanzia pale gazeti langu linapoishia. Rosa ana chanzo chake, na ukurasa kwa ukurasa unakiona kikijengwa. Kazimoto vilevile. Hata Tumaini wa *Dunia Uwanja wa Fujo* (1975), ambaye mwisho wake ni kitanzi cha serikali baada ya kumuua mkuu wa wilaya, haanguki ghafla kama tunavyoandika sisi.

Hapa nitoe tahadhari, maana kazi yangu imenifundisha kutofautisha mtuhumiwa na aliyehukumiwa. "Mimi" wa kwenye shairi si lazima awe Kezilahabi. Kazimoto si Kezilahabi. Ni kweli kwamba aliiweka Namagondo, kijiji chake, kwenye mashairi kwa jina lake halisi, na msomaji anashawishika kuamini kila neno ni la kwake. Lakini tazama maisha yake. Mtu huyu aliyeandika kisu mkononi alirudi chuo kikuu kufundisha. Mwaka 1976 akapata shahada ya uzamili, na aliyemwandikia utafiti ni nani? Shaaban Robert! Yule tunayeambiwa alikuja kumbomoa, alikuwa amekaa chini akamsoma riwaya kwa riwaya. Baba mdogo hakuwa na habari hiyo, akanitaka nirudie mara mbili. Mwaka 1979 akatoa *Gamba la Nyoka*, juu ya vijiji vya ujamaa na waliolazimishwa kuingia humo. Mwaka 1985 akapata udaktari Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kwa kazi iliyohusu falsafa ya Kiafrika na ufafanuzi wa fasihi. Mwaka 1988 ikatoka diwani ya pili, *Karibu Ndani*. Zikafuata *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991), vitabu vyembamba ambavyo mpaka leo wasomaji wanabishana kama ni riwaya au ndoto. Baadaye akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Botswana. Diwani ya tatu, *Dhifa*, ilitoka mwaka 2008.

Diwani tatu kwa miaka thelathini na minne. Hakuwa mtu wa kumwagamwaga maneno. Alifariki Januari 2020, akiwa na miaka 75. Kisu kilibaki kwenye karatasi.

Mimi si daktari wala mtaalamu wa saikolojia, kwa hiyo sitasema kwamba kuandika kulimwokoa. Huenda hakuhitaji kuokolewa, huenda alikuwa mtu wa furaha nyumbani kwake. Ninachosema ni kidogo zaidi: alituachia mfano wa sentensi. Mwanamume wa Kitanzania, kwa Kiswahili cha kila siku, anasema "sioni njia" na hafi kwa kuisema. Kabla sijamsoma sikujua kama sentensi hiyo inaruhusiwa.

Na hapa nina lawama kwetu tuliosoma. Tumemfanya Kezilahabi kuwa swali la mtihani. "Taja dhamira tano." "Jadili mgogoro wa ushairi wa kimapokeo na wa kisasa." Mwanafunzi anakariri kwamba Kezilahabi ni mwanamapinduzi wa umbo, anapata alama zake, anafunga kitabu. Nami nilifanya hivyohivyo. Nilimaliza chuo nikijua mizani kumi na sita, bila kujiuliza hata mara moja kama mtu niliyekaa naye chumba kimoja mwaka mzima alikuwa mzima.

Ushindi wa vijana wale nao ulikuwa wa namna yake. Leo mashairi huru yanafundishwa na kuchapwa, hakuna wa kumpiga mtu marufuku kwa kuacha vina. Lakini mengi ninayoyasoma sasa yameacha vina yakabaki na mawaidha! Vijana tusipende, wazee watuongoze, rushwa ni adui. Ile sehemu ngumu ya *Kichomi*, ya kusimama mbele za watu bila jibu mkononi, warithi wake ni wachache.

Nirudi Kintinku nimalizie. Asubuhi ya kuondoka baba mdogo alinisindikiza mpaka barabarani kusubiri basi la Dodoma. Tukasimama muda mrefu. Nilimuuliza kama yule rafiki yake, marehemu, naye alikuwa mtunzi. "Tulianza pamoja," akasema. "Yeye ndiye alikuwa bora." Nikamuuliza mashairi ya mwisho aliyomwonyesha yalihusu nini. Akafikiri. "Kilimo," akasema. "Kilimo cha mpunga. Vina vyote vilikuwa sawasawa, nilivikagua mwenyewe."

Kisha akanyamaza, na mimi sikuwa na la kusema.

Basi lilipotokea akanyoosha mkono kwenye begi langu. "Hebu niachie hicho kitabu. Si kwamba nimekubali. Yale si mashairi." Nikamwachia. Akakiweka kwapani akaanza kurudi nyumbani polepole, na mimi nikapanda basi.

Jana nimempigia simu kumjulia hali. Shikamoo, marahaba, habari za huko, mvua bado. Kitabu hakukitaja, nami sikumuuliza. Lakini kabla ya kukata aliniuliza swali ambalo hajawahi kuniuliza tangu nizaliwe: "Na wewe mwenyewe, huko mjini, moyo wako ukoje?"

Nilitaka kujibu "salama tu", kama kawaida. Nikavuta kiti nikakaa, nikamwambia.

Nawatakia wikiendi njema. Na mkirudi nyumbani muulizaneni, jamani.